Sauti ya Kisiwa Kidogo: Somo Kutoka Maisha ya Balozi Tony de Brum



Katika mafunzo yetu ya amani kuna ulizo moja ambalo halikosekani. Mara linatoka kwa mzee, mara kwa mama mwenye mtoto mgongoni: «Sisi ni wachache, hatuna fedha, hatuna bunduki, tumekwisha kutolewa kwetu. Nani atatusikiliza?» Ni ulizo la haki, na hatupendi kulijibu kwa maneno matamu tu. Kwa hiyo tumechagua kuwaeleza maisha ya mtu mmoja aliyezaliwa katika taifa lenye watu wachache kuliko mtaa mmoja mkubwa wa Goma au Bukavu, ambaye alisimama mbele ya mataifa makubwa ya dunia akasema yaliyowapata watu wake. Mara nyingine alisikilizwa. Mara nyingine alishindwa. Yote mawili yana funzo kwetu.

LENGO LA SOMO

Baada ya kusoma na kujadiliana, tunatumaini kwamba kila kikundi kitaweza:
- kueleza kwa ufupi historia ya watu waliohamishwa katika Visiwa vya Marshall na kazi ya Tony de Brum;
- kutaja njia nne ambazo watu wasio na nguvu wanaweza kutumia kudai haki bila vita;
- kupanga jambo moja la kufanya hapa petu, kambini au katika familia zilizotupokea.

1. VISIWA VYA MARSHALL VIKO WAPI?

Katika bahari kubwa ya Pasifiki, kati ya Hawaii na Australia, kuna visiwa vidogo sana vya matumbawe. Vingi vimekaa kama pete, katikati kuna maji matulivu ya kuvulia samaki, na nje kuna bahari kali. Ardhi yote ikikusanywa pamoja haifiki kilometa mraba 200, na mahali pengi haipandi zaidi ya meta 2 juu ya bahari. Hakuna mlima wa kukimbilia. Watu wanaishi kwa samaki, minazi na mishelisheli, na sheria za ardhi zinapita kwa ukoo, hasa ukoo wa mama. Mtu asiye na ardhi huko ni kama mtu asiye na jina. Hilo tunalielewa vizuri sisi watu wa Kivu na Ituri.

Visiwa hivyo vilitawaliwa na Wajerumani, kisha Wajapani. Katika Vita vya Pili vya Dunia Marekani iliviteka, na tangu mwaka wa 1947 iliviongoza kwa niaba ya Umoja wa Mataifa. Maana yake Marekani iliahidi mbele ya dunia kulinda watu, ardhi na afya yao. Tukumbuke ahadi hiyo, maana yaliyotendeka yalikuwa kinyume.

2. «NI KWA MUDA TU»

Mwaka wa 1946, siku moja ya Jumapili, afisa wa jeshi la majini la Marekani alifika katika kisiwa cha Bikini. Aliwakuta watu wametoka kwenye ibada. Akawauliza kama wangekubali kuhama kwa muda, ili nchi yake ijaribu bomu la atomu kwa faida ya wanadamu wote na kumaliza vita duniani. Kiongozi wao aliitwa Juda. Askari walikuwa wamekwisha kushinda vita, meli zao zilijaa bahari. Je, hilo lilikuwa ombi au amri? Tutarudi kwenye jambo hilo katika maulizo.

Watu 167 walipakizwa pamoja na vitu vyao, wakapelekwa kisiwa cha Rongerik. Huko chakula hakikutosha na njaa ikawakamata. Mwaka wa 1948 wakahamishwa tena, na mwishowe wakawekwa Kili, kisiwa kisichofika kilometa mraba moja, kisicho na maji matulivu ya kuvulia. Wavuvi wakageuka watu wa kungojea meli ya msaada. Kwa miezi yenye mawimbi makali hata meli hiyo haikuweza kushusha chakula.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 familia kadhaa zilirudi Bikini, kwa kuwa waliambiwa kisiwa kimekuwa salama. Wakapanda, wakala matunda ya ardhi yao. Mwaka wa 1978 wakaondolewa tena: wapimaji walikuta sumu ya mionzi imeingia miilini mwao. Hadi leo watu wa Bikini na wajukuu wao wanaishi Kili, Majuro, na wengine Marekani. Neno «kwa muda» limepita miaka 80.

Watu wa Enewetak nao walihamishwa, mwaka wa 1947. Kati ya 1946 na 1958 Marekani ililipua mabomu 67 ya nyuklia katika Bikini na Enewetak.

Hapa kuna jambo linalotugusa sisi Wakongomani. Bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 lilitengenezwa kwa urani ambayo sehemu yake kubwa ilichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga yetu. Wachimbaji wetu hawakuambiwa wanachimba nini, na wavuvi wa Marshall hawakuambiwa nini kitawaangukia. Historia ya silaha hizi inaunganisha watu wasiojuana, na wote hawakuulizwa.

3. MTOTO ALIYEONA MBINGU NYEKUNDU

Tony de Brum alizaliwa mwaka wa 1945 na kukulia kisiwani Likiep. Tarehe 1 Machi 1954, akiwa na miaka tisa, alikuwa akivua samaki pamoja na babu yake alfajiri. Ghafla mwanga mkubwa ukajaa kila mahali. Kisha ukaja mshindo, na mbingu yote ikawa nyekundu kama damu, pamoja na bahari, na wavu, na samaki. Likiep iko zaidi ya kilometa 300 kutoka Bikini.

Lililolipuka siku hiyo liliitwa Bravo. Nguvu yake ilikuwa karibu mara 1,000 ya bomu la Hiroshima. Upepo ulichukua vumbi la sumu hadi kisiwa cha Rongelap, ambako watu hawakuwa wamehamishwa. Vumbi jeupe likaanguka juu ya nyumba na katika maji ya kunywa. Watoto walilichezea. Jioni wakaanza kutapika, ngozi ikaungua, na siku zilizofuata nywele zikang'oka. Waliondolewa baada ya siku mbili hivi. Mwaka wa 1957 wakarudishwa wakiambiwa hakuna hatari tena. Lakini wamama wakaendelea kupoteza mimba, na wengi wakaugua tezi ya shingo. Madaktari walikuja kuwapima mara kwa mara, na watu walianza kuona kwamba wanachunguzwa zaidi ya kutibiwa. Mwaka wa 1985, baada ya kuomba msaada bila kupata, zaidi ya watu 300 wa Rongelap waliamua wenyewe kuhama, wakasafirishwa na meli ya shirika la Greenpeace hadi kisiwa cha Mejatto.

Tufahamu pia kwamba watu wa Marshall hawakunyamaza. Mwezi wa Aprili 1954, wiki chache tu baada ya Bravo, viongozi na raia walipeleka barua kwenye Umoja wa Mataifa. Waliomba majaribio yakomeshwe, na wakaeleza kwamba ardhi kwao si mahali pa kupanda tu, bali ni uhai wenyewe. Majaribio yakaendelea miaka minne zaidi. Lakini barua ile ilibaki katika maktaba za dunia, na hata leo inasomwa. Mtoto wa Likiep alikua katika jamii iliyokuwa imekwisha kujifunza kuandika malalamiko yake.

4. KUTOKA SHULENI HADI KWENYE MEZA YA MAZUNGUMZO

De Brum alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza wa nchi yake kumaliza chuo kikuu, alisomea Hawaii. Kijana mwenye elimu kama hiyo angeweza kubaki ugenini na kupata mshahara mzuri. Yeye alirudi. Alijiunga na wale waliofanya mazungumzo na Marekani ili visiwa vijitawale. Katiba ilianza kutumika mwaka wa 1979, na de Brum akawa waziri wa mambo ya inje katika serikali ya kwanza. Alishika kazi hiyo mara tatu maishani: kuanzia 1979 hadi 1987, kisha 2008 hadi 2009, na tena 2014 hadi 2016. Bungeni aliwakilisha Kwajalein, mahali ambapo jeshi la Marekani linajaribu makombora, na ambapo maelfu ya raia wamesongamana katika kisiwa kidogo cha Ebeye.

Wale waliomsikia wanakumbuka kwamba mara nyingi alianza na habari ya asubuhi ile ya kuvua samaki na babu yake. Aliwaambia kwanza jambo alilolishuhudia kwa macho yake, ndipo akaingia katika sheria na hesabu. Mtu anaweza kubishana na hesabu zako. Ni vigumu kubishana na macho ya mtoto wa miaka tisa.

5. MKATABA NA BEI YAKE

Uhuru wa Marshall haukuja bure. Mkataba na Marekani ulianza kutumika mwaka wa 1986. Marekani ilikubali kwamba ina wajibu kwa madhara ya majaribio, ikatoa dola milioni 150 kuwa mfuko wa fidia, na mahakama maalumu ya kusikiliza madai ikaundwa. Hayo ni mambo mema. Lakini ndani ya mkataba kulikuwa pia na maneno yaliyofunga mlango: madai yote ya zamani na ya baadaye yahesabiwe yamekwisha, na kesi zilizokuwa katika mahakama za Marekani zikaondolewa.

Mahakama ya fidia ilipopima hasara za watu na ardhi, ilikata zaidi ya dola bilioni 2. Mfuko haukuweza kulipa hata sehemu ndogo ya hizo. Watu wengi waliokubaliwa fidia walikufa kabla ya kulipwa yote. Tena, katika miaka ya 1990 Marekani ilifungua karatasi za siri, ikaonekana kwamba madhara yalikuwa yameenea zaidi ya visiwa vinne vilivyotajwa wakati wa mazungumzo. Mwaka wa 2000 serikali ya Marshall iliomba bunge la Marekani kufungua tena jambo hilo. Mwaka wa 2010 mahakama kuu ya Marekani ilikataa kusikiliza madai ya watu wa Bikini na Enewetak. Mwaka wa 2024 mkataba ulipofanywa upya, fedha ziliongezwa, lakini watu wengi wa Marshall wanaendelea kusema haki haijatimia.

Tunakaa kidogo hapa kwa sababu viongozi wetu pia huletewa karatasi za kutia sahihi: za kurudi kijijini, za kuachia kiwanja, za kupatana na jirani. Mtu mwenye njaa hutia sahihi upesi. Hatusemi msitie sahihi. Amani mara nyingi inahitaji karatasi na inahitaji kuachiliana. Tunasema mjue neno gani linafunga mlango. Muulize: «Tukigundua kesho madhara tusiyoyajua leo, tutaweza kurudi kwenye meza hii?» Jibu la ulizo hilo liandikwe ndani ya karatasi yenyewe.

6. KESI YA LA HAYE

Tarehe 24 Aprili 2014 dunia ilishangaa. Visiwa vya Marshall viliyashitaki mataifa tisa yenye silaha za nyuklia mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, La Haye: Marekani, Urusi, Uingereza, Ufaransa, China, India, Pakistan, Israeli na Korea ya Kaskazini. De Brum alikuwa mmoja wa wawakilishi wakuu wa nchi yake katika kesi hiyo. Hawakudai hata senti moja. Walidai tu kwamba mataifa hayo yatimize wajibu wa kufanya mazungumzo ya kweli ili silaha hizo ziondolewe, wajibu uliomo katika mkataba ulioanza kutumika mwaka wa 1970.

Mahakama hiyo haiwezi kuilazimisha nchi isiyokubali mamlaka yake. Kwa sababu hiyo ni kesi tatu tu zilizosonga mbele: za Uingereza, India na Pakistan. Tarehe 5 Oktoba 2016 majaji waliamua kwamba hawana mamlaka ya kusikiliza. Kwa kesi ya Uingereza majaji walikuwa nane kwa nane, na kura ya rais wa mahakama ndiyo iliyoamua. Kwa India na Pakistan walikuwa tisa kwa saba.

Kwa nini walishindwa? Mahakama ilisema Marshall haikuonyesha kwamba, kabla ya kushitaki, kulikuwa na ugomvi wa wazi ambao nchi hizo zilijua au zilipaswa kujua. Kwa lugha ya kijijini ni kama mzee wa baraza anayekuuliza: «Kabla ya kuja kwangu, ulimwambia jirani yako kwamba amekukosea? Nani alisikia?» Majaji karibu nusu waliona jibu hilo si la haki. Lakini ndiyo sheria iliyotoka.

Wakongomani tunaijua mahakama hiyo. Mwaka wa 2006 kesi ya nchi yetu dhidi ya Rwanda ilikataliwa kwa sababu ya mamlaka, kama ile ya Marshall. Lakini katika kesi dhidi ya Uganda, mahakama ilitoa hukumu mwaka wa 2005 kwa upande wa Kongo, na tarehe 9 Februari 2022 ikaamuru fidia ya dola milioni 325. Kati yake milioni 225 ni kwa ajili ya madhara yaliyowapata watu. Kesi hiyo ilianza mwaka wa 1999, na katika hatua ya fidia majaji walilalamika kwamba ushahidi wa hasara nyingi ulikuwa haba. Kijiji kilichochomwa bila mtu kuandika tarehe, majina na mali iliyoteketea, ni vigumu kukihesabu miaka 20 baadaye.

7. PARIS, DESEMBA 2015

Adui wa pili wa visiwa hivyo ni bahari yenyewe. Joto la dunia likipanda, maji nayo yanapanda, na visima vya maji matamu vinaingia chumvi. Watu waliohamishwa kwa bomu wanaweza kuhamishwa tena kwa maji. De Brum alilibeba jambo hilo katika mikutano ya dunia.

Kabla ya mkutano mkubwa wa tabianchi wa Paris, aliwakusanya kimya kimya mawaziri wa nchi tajiri na nchi maskini, wale ambao kwa kawaida hukaa pande mbili na kulaumiana. Hakuwauliza wakubaliane juu ya yote. Aliwauliza juu ya mambo machache ambayo kila mmoja angeweza kuyakubali. Kikundi hicho kikakua hadi kupita nchi 100: za Afrika, za Karibea, za Pasifiki, nchi za Umoja wa Ulaya, Marekani, na mwishoni Brazil. Waliingia ukumbini pamoja wakiwa na alama ya jani la mnazi kifuani. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Marshall ilikuwa kidole kidogo kuliko vyote, lakini ndiyo iliyoita vingine.

Tarehe 12 Desemba 2015 mkataba wa Paris ulipitishwa. Nchi nyingi kubwa zilitaka kutaja digrii 2 tu kama mpaka wa joto. Visiwa vilisema kwao digrii 2 ni kifo. Mkataba ukaandika kwamba joto likae chini sana ya digrii 2, na juhudi zifanywe lisipite 1.5. Katika kikao cha mwisho de Brum alimpa kiti chake cha kusema Selina Leem, msichana wa Marshall mwenye miaka 18, ili dunia isikie kizazi kitakachoishi na matokeo. Ni wangapi kati ya viongozi wetu wa kambi wamewahi kumpa msichana kipaza sauti siku ambayo wageni wakubwa wamekuja?

Tena tujue jambo hili: wiki chache kabla ya Paris, katika uchaguzi wa Novemba 2015, de Brum alikuwa amepoteza kiti chake cha bunge. Alijua uwaziri wake unakwisha. Alikwenda akafanya kazi yake hadi siku ya mwisho, kisha akaitumikia nchi yake kama balozi wa mambo ya tabianchi. Mwaka huohuo wa 2015 yeye pamoja na watu wa Visiwa vya Marshall walipewa tuzo ya Right Livelihood. Tuzo haikutolewa kwake peke yake, na hilo ni haki.

Alifariki tarehe 22 Agosti 2017 huko Majuro, akiwa na miaka 72. Bikini haikuwa imepata watu wake. Mabomu ya nyuklia yalikuwa bado maelfu duniani. Lakini tarehe 23 Julai 2025 mahakama ileile ya La Haye, kufuatia ombi lililoongozwa na Vanuatu, taifa lingine la visiwa vya Pasifiki, ilitoa maoni kwamba mataifa yana wajibu wa kisheria kulinda dunia dhidi ya madhara ya tabianchi. Mlango uliofungwa mwaka wa 2016 kwa jambo moja, visiwa vilirudi kuubisha kwa jambo lingine.

8. TUNAJIFUNZA NINI SISI?

Kwanza, tuandike mapema. Kila familia iwe na daftari: jina la kijiji na la groupement, mipaka ya shamba na majina ya majirani wa pande zote, siku mliyotoka, mlichoacha, waliokufa na waliopotea. Anayejua kusoma amsaidie asiyejua. Daftari litunzwe mbali na mvua, na nakala iwekwe kwa mtu mnayemwamini.

Pili, tulalamike kwa njia inayoonekana. Malalamiko ya mdomo yanakwisha na upepo. Barua kwa kiongozi wa eneo, kwa mwami au kwa shirika iwe na nakala mbili, na nakala yenu ipigwe muhuri au kutiwa sahihi ya aliyepokea, pamoja na tarehe. Marshall ilishindwa kwa kukosa kuonyesha kwamba ugomvi ulijulikana. Tusikose jambo hilo dogo.

Tatu, tumtume mtu anayeijua kazi. De Brum alijifunza lugha na sheria za wale aliozungumza nao. Tusichague mwakilishi kwa sababu tu anapiga kelele au anagawa jetoni. Tuchague anayesikiliza, anayeweza kusoma karatasi, na anayerudi kutoa habari kwa waliomtuma. Wamama na vijana wawe ndani, si kwa kujaza orodha.

Nne, tutafute wenzetu hata upande mwingine. Kambi moja ikidai maji peke yake, ni kelele. Kambi pamoja na wenyeji wa kijiji kilichowapokea, ambao nao hawana maji, ni jambo la kuzungumziwa.

9. MAHALI TUNAPOTOFAUTIANA

Si haki kufananisha kila kitu. Aliyewahamisha watu wa Bikini alikuwa taifa kubwa lililotoka mbali. Kwetu, mara nyingi aliyechoma nyumba anajulikana kwa jina, na watoto wake walisoma na wa kwetu. Kwa hiyo ushuhuda wetu ni kama kisu cha jikoni: unakata mboga, na unaweza kumkata mtu.

Tunawaomba mfuate kanuni tatu. Semeni mliyoyaona, si mliyosikia kwa redio ya mtaani. Tajeni matendo na watu waliotenda mbele ya vyombo vinavyopaswa kusikia, lakini msilaumu kabila zima. Tena msiandike wala kupiga picha habari ya mtu mwingine, hasa mama aliyebakwa au kijana aliyetoka katika kundi la silaha, bila ruhusa yake; karatasi ikianguka mikononi mwa watu wabaya, yeye ndiye atakayelipa. Usalama wa mtu unakuja kabla ya ushahidi.

De Brum aliona mbingu ikigeuka damu, na wakubwa wa majaribio yale aliwajua. Hata hivyo alikaa nao mezani zaidi ya miaka 35, akawaita marafiki pale walipokubaliana, na akawashitaki pale walipokataa. Hakuona kwamba mambo hayo mawili yanapingana. Wapatanishi wetu wengi wanalemewa hapo: wanadhani kudai haki ni kuvunja amani, au kutafuta amani ni kusahau haki.

MAULIZO YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

(Vikundi vya watu 8 hadi 12, dakika 45. Wamama wanaweza kukaa peke yao kwanza kama wanaona ni vizuri. Karani aandike majibu.)

1. Afisa alipowauliza watu wa Bikini kama wanakubali kuhama, je, walikuwa na uhuru wa kukataa? Sisi tumewahi kuulizwa kwa njia kama hiyo? Na nani?
2. Watu wa Rongelap waliambiwa kwamba kwao hakuna hatari tena. Sisi tukiambiwa «rudini, kuna usalama», tungetaka kuona alama gani kabla ya kuwarudisha watoto? Tajeni tano.
3. Tony de Brum alishindwa La Haye. Je, ilikuwa kazi bure? Wanaosema ndiyo na wanaosema hapana wote waeleze sababu zao.
4. Katika kamati ya kambi yetu, nani hajawahi kupewa nafasi ya kusema? Tufanye nini mkutano ujao?
5. Ni karatasi gani tumekwisha kutia sahihi bila kuisoma? Nani anaweza kutusaidia kuisoma leo?

KAZI YA KUFANYA KABLA YA SOMO LIJALO

Kila familia ianze daftari lake kwa ukurasa mmoja tu: kijiji, shamba, majirani, siku ya kutoka. Wazee wasiojua kuandika wasimulie, na mjukuu aandike. Wawezeshaji wetu watapita katika kila eneo la kambi kusaidia wenye shida ya kuandika. Hatutachukua madaftari, ni mali yenu, yabaki kwenu. Viongozi nao walete barua moja ambayo kamati imekwisha kuandika kwa wakubwa, ili tuangalie pamoja kama ina tarehe, ombi la wazi, na sahihi ya aliyeipokea.